Sura ya Sita: Ndiva ya Umeme

Pangaboi la mjini Same halifi kwa kishindo. Mwaka wa kwanza linazunguka mpaka karatasi za mezani zinapeperuka. Baadaye mwenye nyumba anajikuta ameizungusha swichi hadi mwisho na upepo bado hautoshi. Mwishowe linagoma kuanza, mpaka mtu apande kitini alisukume kwa mti wa fagio, ndipo lishike mwendo wake wa kuchechemea. Ukidhani mota imeungua, umekosea. Fundi akiitwa hufungua kikombe cha plastiki karibu na dari, hukata nyaya mbili, hutoa kiboksi cheusi na kufunga kingine cha namna hiyohiyo. Pangaboi linaondoka kwa kasi kama siku lilipotoka dukani.

Kiboksi hicho ni kapasita. Ubavuni kimeandikwa mikrofaradi 2.5 na volti 450. Ukikipima kile kilichotolewa, mita inaweza kusoma chini ya nusu ya namba hiyo. Kazi yake ilikuwa kuupa waya wa pili wa mota umeme uliotangulia kidogo ule wa waya wa kwanza, maana mota ya umeme wa njia moja haijui izunguke upande gani mpaka isukumwe hivyo. Mota za aina hiyo zimejaa katika wilaya hii: pampu ndogo za visima, kompresa za majokofu, baadhi ya mashine za kusaga vijijini. Nyingi zinaanza au kukwama kwa sababu ya kiboksi.

Wengi hukitupa. Sisi tukipasue.

Ndani kuna gundi ngumu, na ndani ya gundi kuna bunda lililoviringishwa likakazwa. Ukipata ncha na kuvuta taratibu, unatoka utando wa plastiki unaong'aa, mwembamba kiasi kwamba pumzi yako inaupeperusha. Unene wake ni mikromita chache. Unywele wa binadamu ni mnene mara kumi au zaidi. Upande mmoja umepakwa metali, alumini au zinki, kwa tabaka jembamba lisilopimika kwa rula yoyote. Uinue utando huo dhidi ya dirisha. Ule mpya ni kama kioo kilichotiwa giza, sawasawa kote. Huu uliochoka una madoa angavu yasiyohesabika, mahali ambapo metali imetoweka na mwanga unapita, na kingo zake zimelika.

Kila doa ni kumbukumbu ya ajali. Mahali utando ulipokuwa na udhaifu, umeme ulitoboa. Cheche ikaunguza metali iliyozunguka tundu kabla ya kuenea, na sehemu mbovu ikatengwa na sehemu nzima. Wataalamu husema utando umejiponya. Lakini kila uponyaji unakula kipande cha eneo, na unyevu nao unakula kingo, hivyo mikrofaradi zinashuka mwaka baada ya mwaka. Pangaboi lako lilikuwa linapungua kwa vidoa.

Kiini cha sura hii ni plastiki hiyo iliyobaki baada ya metali kuondoka. Ndiyo inayotenganisha metali mbili zisigusane, na ndiyo inayoamua umeme kiasi gani utahifadhiwa kati yake. Kwa lugha ya fizikia inaitwa dielektriki.

Tuta na maji

Wapare wana chombo kinachofanya kazi kama kapasita, nacho ni ndiva. Kwenye miteremko ya Pare Kusini, kama pale Bangalala juu ya bonde la Makanya, kijito hakina nguvu ya kumwagilia mashamba yote ya chini kwa wakati mmoja. Maji yakiachwa yajiendee, yanazama mferejini kabla ya kufika shamba la mwisho. Ndiyo maana usiku yanaelekezwa kwenye bwawa la udongo na mawe, na asubuhi mlango unafunguliwa. Maji yaliyokusanyika taratibu yanatoka kwa nguvu, na aliye zamu anapata mkondo wa kutosha. Tope likijaa, wenye ndiva huitana kwenye msaragambo na kulizoa.

Sasa jiulize: ukitaka ndiva ihifadhi nguvu nyingi zaidi, ufanye nini? Njia ya kwanza ni kulipanua bwawa. Eneo likiwa mara mbili, maji yanakuwa mara mbili na nguvu inakuwa mara mbili. Njia ya pili ni kuinua tuta. Kina kikiwa mara mbili, maji yanakuwa mara mbili, na yale ya juu yanasukuma kutoka kimo kikubwa zaidi, kwa hiyo nguvu inakuwa mara nne.

Dielektriki ina njia hizohizo mbili. Upana wa bwawa ni pemitiviti: namba inayoeleza jinsi molekuli za kitu zinavyoitikia mvuto wa umeme kwa kujigeuza au kujinyoosha, na kwa kufanya hivyo kuruhusu chaji nyingi zaidi zikae juu ya metali. Ombwe limepewa namba 1, na hewa iko karibu hapohapo. Plastiki ya pangaboi, polipropilini, ina 2.2. Urefu wa tuta ni uimara wa kitu dhidi ya kutobolewa, yaani volti ngapi kinavumilia kwa kila mikromita ya unene. Hapa ndipo polipropilini inapong'ara: utando mzuri uliovutwa pande mbili kiwandani huvumilia zaidi ya volti 600 kwa mikromita moja.

Michael Faraday ndiye aliyeonyesha mwaka 1837 kwamba kitu kinachowekwa kati ya metali mbili kinabadili kiasi cha chaji kinachohifadhiwa. Tangu hapo mafundi wa dunia wamekuwa wakitafuta kitu chenye namba kubwa. Historia ya utafutaji huo ina somo moja linalojirudia: kila aliyeitazama namba ya pemitiviti peke yake alipata hasara mahali pengine.

Kutoka jiwe hadi karatasi

Redio za mwanzo zilitegemea ulanga, jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka na kumetameta. Tanganyika ilikuwa nalo, hasa milima ya Uluguru, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa bidhaa ya kijeshi. Pemitiviti yake ni kati ya 6 na 7, na halichoki kwa joto. Kasoro yake ni kwamba ni jiwe. Haliviringishwi kama bunda, na kila tabaka linabanduliwa na kuchambuliwa kwa mkono.

Karatasi inaviringishwa. Karatasi ni selulosi, nayo selulosi ni polima, yaani molekuli ndefu yenye viungo vilevile vinavyojirudia, ambayo mimea ilianza kuitengeneza kabla hapajawa na kiwanda chochote. Ni ileile iliyo kwenye nyuzi za mkonge unaouona umepangwa mistari pale Makanya. Viungo vyake vina ncha zenye chaji, ndiyo maana pemitiviti ya selulosi yenyewe inafikia 6 hivi. Lakini ncha hizohizo zinayapenda maji. Karatasi isiyokaushwa vizuri inanyonya unyevu wa hewa, na dielektriki yenye unyevu inapitisha umeme. Kwa hiyo karatasi ilikaushwa kwenye ombwe kisha ikaloweshwa mafuta. Mpaka leo, ndani ya transfoma nyingi zilizo juu ya nguzo na katika vituo vya njia ya kilovolti 132 inayotoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi, kuna karatasi iliyolowa mafuta.

Hapo ndipo tamaa ya namba ilipoingia. Mafuta ya kawaida ya madini yana pemitiviti ya 2.2 tu, na yanashika moto. Wakemia wakapata kimiminika cha klorini kiitwacho PCB. Pemitiviti yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mafuta, tena hakiungui kirahisi. Kapasita zikawa ndogo na salama kwa moto, na kwa miaka mingi dunia nzima ikazitumia. Kisha ikajulikana kuwa PCB haiozi. Inakaa kwenye udongo, kwenye samaki, kwenye mafuta ya mwili wa binadamu, na inadhuru. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliweka 2025 kuwa mwisho wa kuitumia katika vifaa vya umeme. Wizi wa mafuta ya transfoma, ambao umekuwa kero kwa shirika la umeme, TANESCO, kwa miaka mingi, una hatari ya pili ambayo mnunuzi wa mafuta hayo haioni kwa macho: vifaa vya zamani vinaweza kuwa na mabaki ya sumu hiyo.

Polipropilini ndiyo iliyopokea kijiti. Ilianza kutengenezwa kwa mpangilio mzuri wa molekuli mwaka 1954 na Giulio Natta wa Italia, aliyepata Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler mwaka 1963. Molekuli zake hazina ncha zenye chaji za kujigeuza. Kwa hiyo pemitiviti yake ni ndogo, lakini hainyonyi maji, na karibu haipotezi chochote kama joto. Ni bwawa jembamba lenye tuta refu lisilovuja.

Florini

Kama tatizo ni ufinyu wa bwawa, kwa nini tusitafute polima yenye ncha kali zaidi? Jibu limekuwa florini, elementi inayovuta elektroni kuliko nyingine yoyote.

Watu wa kaskazini mwa Tanzania wanaijua kwa ubaya wake. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi inayopita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya wenyeji yanashuhudia. Kibiashara florini hutoka kwenye jiwe la floraiti, lile ambalo Kenya ililichimba kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1970 huko Kimwarer, Bonde la Kerio, na kulisafirisha nje kupitia Mombasa. Floraiti ikikutanishwa na asidi ya salfuriki hutoa asidi ya floridi, na hapo ndipo ukoo mzima wa plastiki za florini unapoanzia.

Mmoja wa ukoo huo ni PVDF. Uti wake ni mnyororo wa kaboni. Kaboni moja imebeba haidrojeni mbili, inayofuata imebeba florini mbili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Mnyororo ukinyooshwa vizuri, florini zote zinaelekea upande mmoja na haidrojeni zote upande wa pili, na kila kiungo kinakuwa na upande hasi na upande chanya. Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai alionyesha kuwa utando huo ukivutwa na kutiwa umeme mkali unakuwa na tabia ya kutoa umeme ukiminywa. Pemitiviti yake ni kati ya 10 na 12, mara tano ya ile ya polipropilini. Ukichanganya viungo vingine viwili vyenye florini na klorini ili kuvuruga mpangilio wake kidogo, unapata polima inayozidi 50 katika joto la chumbani.

Kwa hesabu ya karatasini, huu ni ushindi. Kapasita ya mikrofaradi 2.5 yenye utando wa polipropilini wa mikromita 6 inahitaji eneo la robo tatu ya mita ya mraba. Kwa upana wa sentimita 3, huo ni utando wa mita 25 uliobanwa kwenye kiboksi. Kwa PVDF ya unene huohuo ingetosha chini ya sehemu moja ya tano ya mita ya mraba, na bunda la mita tano au sita lingemaliza kazi.

Basi tulipeleke bunda hilo Same, juu ya dari.

Umeme wa TANESCO huzunguka mara 50 kwa sekunde, ukibadili upande mara mbili kila mzunguko, na kila ukigeuka, molekuli za PVDF nazo hugeuka. Kugeuka kuna msuguano, na msuguano ni joto. Kwa polipropilini kipimo cha upotevu ni karibu 0.0002; kwa PVDF ni karibu 0.02. Chukua kapasita yetu, uipe volti 400, kiasi ambacho kapasita ya mota inaweza kupata hata kama ukutani kuna volti 230. Ile ya polipropilini itapoteza wati 0.025, joto lisilohisiwa na mtu. Ile ya PVDF itapoteza wati 2.5. Ukizifungia wati mbili na nusu ndani ya kiboksi kidogo kilichojaa gundi, kando ya mota yenye moto, chini ya bati la mchana ambapo hata nje joto limepita nyuzi 30, unakipika. Joto linaongeza upotevu, upotevu unaongeza joto, na mwisho wa safari hiyo ni mlipuko mdogo na harufu mbaya sebuleni.

Ndiva hii ni pana, lakini inavuja kila inapojazwa na kumwagwa. Ukiijaza mara moja kwa siku, hutaona. Ukiijaza mara 100 kwa sekunde, imekwisha.

Wanaojaribu njia ya mkato

Njia iliyojaribiwa na wengi ni kuchukua unga wa bariamu titanati, udongo wa kauri ulioibuka Marekani, Urusi na Japani wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, wenye pemitiviti ya maelfu, na kuuchanganya kwenye plastiki. Mchanganyiko unapanda namba kweli. Lakini umeme haugawanyiki sawasawa ndani yake. Unakwepa punje na kujirundika kwenye plastiki nyembamba iliyo katikati ya punje na punje, na hapo ndipo unapotoboa. Ni sawa na mtu anayeipanua ndiva kwa kuchimba tuta lenyewe. Kwa kuwa nguvu inakwenda kwa mraba wa kimo, ukipata pemitiviti mara mbili na kupoteza nusu ya uimara, umebaki na nusu ya ulichokuwa nacho.

Hata pemitiviti kubwa isiyochanganywa na unga ina mtego wake. Molekuli zinazogeuka kirahisi humaliza kugeuka mapema. Volti zikiendelea kupanda hakuna tena cha kugeuka, na bwawa limejaa kabla maji hayajafika nusu ya tuta. Kundi la Qiming Zhang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ndilo lililoligeuza jambo hili kuwa faida. Mwaka 2006 walitangaza polima ya ukoo wa PVDF iliyotiwa kiungo chenye klorini ili molekuli zisijipange haraka mno. Pemitiviti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa kumi na kitu. Lakini iliendelea kupokea chaji hadi volti 575 kwa mikromita, na ikahifadhi juli 17 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati polipropilini kwenye kikomo chake inafika nne au tano. Walishinda kwa kutoifukuza namba kubwa.

Kwa nini basi haijajaa madukani? Kwa sababu juli hizo zilipimwa kwa mpigo mmoja, si kwa miaka kumi ya umeme wa mtaani. Pale kazi inapohitaji mpigo mmoja mkubwa, kama kifaa cha kuushtua moyo unaotetemeka bila mpangilio, utando wa ukoo huu una hoja. Una hoja pia pale ambapo transista za plastiki zinahitaji kufanya kazi kwa volti chache za betri. Mwaka 2008 kundi hilohilo lilionyesha kuwa polima hizi zikiwekewa na kuondolewa umeme hubadilika joto kwa nyuzi 12 hivi. Ni mlango wa jokofu lisilo na gesi, ingawa kutoka utando wa maabara hadi jokofu la zahanati ni safari ndefu.

Na PVDF yenyewe imekwisha kufika Same kwa mlango mwingine. Imo ndani ya betri nyingi za litiamu za simu na za taa za sola, ikiwa gundi inayoshika unga wa ncha chanya usibanduke. Huko haiulizwi pemitiviti. Inaulizwa kama itavumilia kemikali, na inavumilia.

Uvumilivu huo ndio unaoleta swali la PCB kwa mara ya pili. PVDF iko kwenye familia kubwa ya kemikali za florini zisizooza. Mnamo Januari 2023 Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Norwe na Sweden zilipendekeza kwa Ulaya kuzibana karibu zote kwa pamoja. Polima ngumu si sawa na kimiminika cha sumu, na watengenezaji wanalisema hilo kwa sauti. Hata hivyo vifaa vya umeme vilivyokufa Tanzania mara nyingi vinaishia kwenye moto wa jalalani, na plastiki ya florini ikiungua hutoa asidi ya floridi. Nchi inayopokea bidhaa bila kuwa na mahali pa kuzizika ina haki ya kuuliza mapema.

Maswali ya kuuliza

Anayekuja kukuuzia maajabu ya namba moja, awe mwenye duka la vipuri au mtafiti mwenye mada ya kuvutia, mwulize mambo manne. Pemitiviti ni ngapi? Inavumilia volti ngapi kwa mikromita? Inapoteza kiasi gani kwa mizunguko 50 kwa sekunde? Na majibu hayo yalipimwa kwenye nyuzi joto ngapi? Swali la nne ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo letu, maana vipimo vingi vinavyochapishwa hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 25.

Yule anayenunua kapasita ya pangaboi ana toleo fupi la maswali hayo, limeandikwa ubavuni mwa kiboksi. Mikrofaradi ziwe zilezile za mwanzo, kwa sababu zikizidi zinaichosha mota na zikipungua zinailegeza. Volti zisipungue zilizokuwepo. Umeme ukipanda kutoka volti 230 hadi 260, mzigo wa nguvu ndani ya utando unaongezeka kwa zaidi ya robo. Na joto la mwisho lisome nyuzi 85, si 70. Kati ya viboksi viwili vyenye mikrofaradi sawa, kidogo zaidi ndicho kinachovutia macho, na mara nyingi ndicho chenye utando mwembamba zaidi, yaani tuta fupi zaidi. Lipia kikubwa.